Peremende Lazima Ilie

Mtu akiniuliza Mwalimu wa Kwaya ni mtu wa namna gani, kwanza namtazama meno. Yakiwa mazima yote namwambia, wewe hukukulia kwetu Nshamba, kaa chini nikusimulie. Yakiwa na mapengo nanyamaza kidogo, maana huenda naye ni mmoja wetu tuliomtolea yule mzee taya zetu kila Krismasi bila kulalamika.

Sitaanza na alizaliwa wapi wala babu yake alitoka ukoo gani. Hayo wanayajua ndugu zake, na wakianza kuyaeleza, ndizi zinaiva jikoni na kuungua kabla hawajamfikia baba. Mimi nilimjua kama mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, na yeye alinijua kama Alto. Jina langu hakulitaja hata siku moja. Kwake binadamu walikuwa sauti, na majina yalikuwa mapambo tu ya cheti cha ubatizo. Rafiki yangu Mutalemwa, aliyekuwa akija mazoezini kwa baiskeli, alikuwa Besi. Mchungaji mwenyewe, mtu mwenye digrii, aliitwa Tena, kwa sababu siku moja alijaribu kuimba nasi sauti ya tatu, ile ya tena. Nilipochumbiwa na mtu wa Bukoba mjini, Mwalimu alisimama mbele ya kwaya akatangaza kwa huzuni ya kweli kwamba Alto anaolewa, na kwamba anayemjua msichana mwenye sauti nene amlete kabla ya Pasaka.

Kusifu alikuwa hajui. Tungeimba mpaka wazee wa kanisa wafute machozi, yeye angeshusha mikono, atutazame mmoja mmoja, halafu aseme, "Imeshuka kidogo." Basi. Tuliimba harusini kwangu, watu wakapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka, akaja kunipa mkono pamoja na bwana harusi akasema imeshuka kidogo, lakini hongereni. Mume wangu, ambaye si mwanakwaya, alidhani anasema juu ya suruali yake, akaipandisha.

Mwalimu alikuwa na kile chuma cha kutolea sauti, chenye meno mawili kama uma. Walimu wengine hukigonga na kukiweka karibu na sikio. Yeye alikigonga gotini, akaubana mpini wake kwa meno, akafumba macho na kutulia, halafu akatutolea sauti ya kuanzia. Alisema sikio husikia na mambo mengine, kama vile mbuzi na umbea, lakini jino husikia kitu kimoja tu. Sisi wasichana tuliona ni kinyaa, hasa alipokipitisha chuma kwa Besi naye ajaribu.

Sasa hizo peremende. Alipokuwa mtoto, mke wa mmisionari mmoja aligawa peremende kwa watoto kanisani siku ya Krismasi, zile zenye mistari myekundu na myeupe. Yeye akapewa yake. Kabla hajaifikisha mdomoni ikamponyoka, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ikalia. Hivyo ndivyo alivyosimulia siku zote: ikalia, kama kengele ndogo, sauti safi ambayo hakuwahi kuisikia tena. Alipoinama kuiokota, kuku aliyekuwa ameingia kanisani pamoja na waumini aliidokoa na kuondoka nayo. Kwa hiyo Mwalimu aliijua sauti ya peremende, lakini ladha yake hakuijua.

Mtu mwingine angesahau, au angenunua pipi dukani. Yeye alipopata nyumba na jiko akaanza kutengeneza peremende za Krismasi mwenyewe, na akajiwekea nadhiri kwamba hataionja hata moja mpaka itakapolia kama ile. Za dukani hakuzitambua kabisa. Alizigonga kwenye kaunta mbele ya mwenye duka, akatikisa kichwa, akazirudisha kwenye chupa. "Peremende lazima ilie," alisema. "Isiyolia hiyo ni sukari iliyokata tamaa."

Nadhiri hiyo ilimletea matatizo ya heshima. Kwetu Kagera mgeni akiingia analetewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, na mwenyeji huchukua ya kwanza, atafune mgeni akiona, ndipo ampe. Ni desturi ya tangu zamani, ya kuonyesha kwamba hakuna aliyetegewa sumu. Mwalimu, kila ilipofika Krismasi, aliweka peremende zake katika kikapu hichohicho. Alichukua kahawa akatafuna vizuri, mgeni akatulia. Halafu akasukuma kikapu upande wa peremende, akakunja mikono, akangoja. Yeye hali. Mgeni anatazama peremende, anamtazama mwenyeji, anatazama mlango. Nimewaona wanaume wazima waliotoka Dar es Salaam na magari yao, watu waliorudi nyumbani kula sikukuu kwa kelele, wakikumbuka ghafla kwamba kuna shangazi hawajamsalimia.

Aliyekula alikuwa na sababu ya kujuta, lakini si ya sumu.

Utengenezaji wenyewe ulifanyika mchana wa mkesha wa Krismasi, na kwaya nzima ilijua haina pa kukimbilia. Sukari ilichemshwa na maji na ndimu kidogo kwenye jiko la kuni nyuma ya nyumba. Majani ya mgomba yalipitishwa motoni yakalainika, yakatandazwa kwenye ubao na kupakwa samli, ndipo sukari ikamwagwa juu yake. Mnanaa aliuotesha mwenyewe pembeni ya pipa la maji ya mvua, akaukamua kwa njia alizozijua yeye. Rangi nyekundu ilitoka kwenye rozela. Ikishapoa kiasi cha kushikika, watu wawili walijipaka samli mikononi, wakaivuta ile sukari, wakaikunja, wakaivuta tena, mpaka iwe nyeupe na kung'aa. Wavutaji walikuwa mimi na Mutalemwa. Mutalemwa alichaguliwa kwa sababu Mwalimu aliamini besi hawasikii moto, na mimi kwa sababu alto hawapigi kelele.

Wakati tukivuta alituongoza kwa mikono kama tuko mbele ya madhabahu. Mapigo matatu: vuta, kunja, geuza. Tukikosea alitusimamisha, tukaanza tena na sukari imeshagandia vidoleni. Majirani walikuja kutazama kwenye uzio wa miti ya miyenzi. Mwanamume wa Kihaya wa umri wake kukaa jikoni mwenyewe ilikuwa sinema tosha, sembuse kuiongoza sukari iimbe. Mzee mmoja alimuuliza kwa upole kama mkewe ni mgonjwa.

Mkewe hakuwa mgonjwa. Mama Mwalimu alikuwa amekaa barazani akichambua senene, panzi wetu wa kukaanga, akicheka peke yake. Senene hao ndio walioleta ile aibu kubwa, au ule ushindi mkubwa, inategemea unamuuliza nani. Desemba kwetu ndio mwezi wao, na Mama Mwalimu alikuwa na karai moja zito la kuwakaangia. Mwaka huo sufuria la Mwalimu lilitoboka, akalichukua karai bila kuomba wala kuliosha sawasawa, akachemshia sukari humo. Peremende zikatoka zina miguu. Zilikuwa na mnanaa, chumvi kwa mbali, na mara unauma kitu kinavunjika chenyewe. Wageni wa Dar walizigombania. Wakazibeba kwenye mabasi, wakapiga simu Februari kuuliza kama zimebaki. Mwalimu alikasirika mno. Alisema hakuumbwa aje kuwa mtengeneza senene wa sukari, na kwamba zilipogongwa zilisema "puh." Hakuzitengeneza tena, na hilo ndilo pishi lake pekee ambalo watu waliliomba kwa hiari.

Mwaka mwingine mbuzi walikula mnanaa wote, akatumia majani ya mkaratusi. Krismasi ile kanisani hakukohoa mtu, pua zilifunguka hadi benchi la mwisho, na bibi mmoja alimwomba mchungaji azibariki kama dawa. Mwaka mwingine tena kifungo cha shati la Mutalemwa kilimezwa na sukari wakati wa kuvuta, tukakitafuta kila mahali. Mchungaji ndiye aliyekifikia, baada ya kumumunya kwa subira kuanzia ibada ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Alidhani ni zawadi iliyofichwa makusudi, akashukuru hadharani.

Lakini kila mtu wa Nshamba ukimgusia anaanza na Krismasi ya kubanwa mataya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ile mvua yetu ya Desemba inayofanya hata chumvi ilie machozi kwenye chupa. Peremende zililainika na kunata kama gundi ya fundi viatu. Mwalimu alitugawia kila mmoja yake mlangoni mwa kanisa, tusafishe koo, na akatukataza kutafuna. Tulipopanda mbele, soprano walikuwa tayari wamegandana midomo. Mimi nilijaribu kufungua mdomo nikahisi jino la nyuma linataka kubaki huko liliko. Mwalimu akabana chuma kwa meno, akafumba macho, akatoa sauti, akapiga mkono. Ikatoka "Mmmmmm."

Hakushtuka. Nadhani alidhani ni woga. Akaendelea kutuongoza, nasi tukaimba wimbo mzima wa Krismasi kwa pua, beti zote, sauti nne, hata besi wakinguruma chini kama tingatinga la barabarani. Tulipomaliza, mzee wa kanisa mmoja alisimama akasema hajawahi kusikia unyenyekevu namna ile, kwaya isiyotaka hata kutamka maneno mbele za Mungu. Mchungaji akatuomba turudie mtindo huo wakati wa Kwaresima. Mwalimu alitutoa nje, akatupanga mstari, tukamtazama kwa macho maana kusema hatukuweza. Akasema imeshuka kidogo.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Januari alisimama mbele ya watoto wa shule ya Jumapili akawafundisha kwamba sukari ni adui wa meno, tena kwa mifano, akawaita mbele wale ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewaharibu. Alituchapa kwa maneno tukichelewa mazoezini, na yeye alifika wa mwisho, akisema saa ya mwalimu huanza mwalimu akifika. Alikuwa mkali kwa umbea, ila ukisimulia polepole, alisogeza kiti. Aliogopa mganga wa meno kuliko jehanamu. Jino lilipomsumbua alilifunga kitambaa, akaongoza kwaya kichwa kimeviringishwa kama zawadi, na lilipotoka lenyewe alilizika shambani chini ya mgomba na kuliwekea jiwe.

Siri ya peremende zake niliipata kwa Mama Mwalimu. Nilikuwa nimekaa naye barazani tunachambua senene, huku mumewe nyuma ya nyumba ameinamia sufuria na sikio lake karibu na mvuke. Hakuwa anaangalia sukari. Alikuwa anaisikiliza. Povu la sukari likifika mahali fulani huanza kuimba, sauti nyembamba nzuri, na Mwalimu alipoisikia tu uso wake uling'aa, akaipua sufuria haraka.

Mama Mwalimu akaniegemea. "Anaipua mapema," alinong'ona. "Ikianza kuimba bado ni laini. Inatakiwa iimbe, inyamaze, ndipo iive. Yeye hawezi kuivumilia ikiimba, anaona imefika."

Nikamuuliza, "Ma, mbona humwambii?"

Alinitazama kama mtu niliyeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Bojo, mwanangu, nikimwambia itaiva. Ikiiva italia. Ikilia ameshamaliza. Desemba zinazobaki atafanya nini?"

Nikafunga mdomo wangu, na safari hiyo haikuwa kwa sababu ya peremende. Nilimpenda sana yule mama kwa maneno hayo, na tangu siku hiyo kila Krismasi nilipomwona mzee akigonga peremende yake mpya kwenye kikombe na kusikia "puh," nilimtafuta Mama Mwalimu kwa macho, naye alinikonyeza.

Mama Mwalimu alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji na ule mnanaa. Kwaya yote ilikuja, hata tulioondoka. Mwalimu alisimama kando ya kaburi akatuongoza mwenyewe, ingawa watu walimsihi akae. Tuliimba tukilia. Tulipomaliza alishusha mikono, akatutazama mmoja mmoja kama kawaida yake, nasi tukangoja. Hakusema kitu. Alikwenda akakaa. Mutalemwa alinishika mkono akaniambia angetoa hata ng'ombe kumsikia yule mzee akisema imeshuka, na mimi nilikuwa nawaza hilohilo.

Baada ya hapo masikio ya Mwalimu yalianza kuziba. Binti yake, Kemilembe, ambaye ni muuguzi, alimtoa Nshamba akamleta kwake Kitendaguro hapa Bukoba, barabara ya pili kutoka kwangu. Alimnunulia kifaa cha kusikia. Mzee alikivaa ibada moja, akakitoa, akasema kinapiga filimbi iliyoshuka na hawezi kuishi na kitu kama hicho kichwani. Sasa kinakaa kwenye kikapu cha kahawa. Ukitaka kuzungumza naye unapaza sauti mpaka jirani ajibu.

Kemilembe alimkataza jiko. Si kwa ubaya, maana mwaka aliohamia alibandika sukari, akaenda kukaa, na kwa kuwa hakusikia chochote, sufuria iliungua hadi moshi ukaita majirani. "Tata, jiko la gesi na masikio yako haviwezi kukaa chumba kimoja," alimwambia, na mzee akakubali kwa unyenyekevu uliomtisha zaidi kuliko kama angegomba. Krismasi ikapita bila peremende. Ikapita nyingine. Kemilembe aliniambia baba yake amekuwa anakaa dirishani Desemba nzima akitazama mvua, anagonga kikombe kwa kijiko, anaweka kichwa upande, anagonga tena.

Basi Krismasi iliyopita nilikwenda kumsalimia nikamkuta Mutalemwa ameshafika, ametoka Kaagya ambako ana shamba lake la kahawa, sasa mtu mwenye kitambi na heshima, wanamwita Ta Mutalemwa. Mzee alikuwa dirishani. Nikainama nikamsalimia kwa sauti ya uwanja wa mpira. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Alto." Halafu akatazama nyuma yangu. "Na Besi." Halafu akahesabu kwa kichwa chake, nikaona hesabu inaingia machoni: wavutaji wawili, nyumba moja, mkesha wa Krismasi.

Hakuomba. Alimtazama tu Kemilembe, na Kemilembe akatutazama sisi, akaniuliza kama nitasimama karibu na jiko muda wote nisitoke hata kidogo. Nikaapa. Mutalemwa alikuwa tayari amevua saa na kukagua vifungo vya shati.

Sukari ilikuwepo, ndimu zilikuwepo, rozela ilikuwepo. Mnanaa upo uani kwa Kemilembe, aliuchukua kutoka kwa mama yake. Majani ya mgomba mzee alikwenda kuyachagua mwenyewe kwenye mvua. Sufuria ikabandikwa, akaegemea meza na kuinamisha sikio kwenye mvuke kama zamani, sikio ambalo sasa halikusikia hata mlango ukibamizwa. Sukari ikachemka. Povu likapanda. Halafu ikaanza kuimba.

Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu barazani kwa Mama Mwalimu. Mwalimu aliinua uso akanitazama, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitambaa cha kuipulia.

"Imeimba?" akauliza.

Nilikuwa na Mama Mwalimu hapohapo kichwani. Desemba zinazobaki atafanya nini. Nikamtazama mzee, mgongo umepinda, na mdomoni meno mawili ya chini yaliyobaki. Nikaona Desemba si nyingi za kuwekea akiba. Nikatikisa kichwa.

"Bado, waitu," nikapaza sauti kwa lile neno letu la heshima, na sukari inaimba nyuma yangu kama soprano mwenye mashindano.

Akangoja. Mutalemwa alinitazama, akaisikiliza sufuria, akafungua mdomo, nikamkanyaga. Sukari iliimba, ikaimba, halafu ikanyamaza yenyewe. Rangi ikaanza kugeuka kidogo, kama chai iliyowekwa maziwa mengi. Kemilembe akaanza kusema inaungua. Mwalimu akaniuliza tena, nikainua mkono kumwashiria sasa, akaipua.

Tukaivuta. Alituongoza mapigo matatu bila kusikia hata moja, na hatukukosea. Ilikuwa ngumu kuliko tulivyozoea, Mutalemwa alitokwa jasho mpaka kwenye kitambi, na ilipoingia hewa ikawa nyeupe inang'aa hivi kwamba Kemilembe aliacha kulalamika. Tukaisokota na kile kipande chekundu tulichotia rozela, tukaikata kwa mkasi, tukaiacha ipoe. Mzee alikaa mbele yake kama mtu anayelinda mtoto mchanga. Ilipokuwa tayari alichukua kijiti kimoja akanipa, akanielekeza sakafu.

Nikakiachia. Kikaanguka kwenye saruji kikalia.

Nasema kweli. Sauti ndogo, safi, ndefu kuliko kitu chenyewe. Sote watatu tuliisikia, Kemilembe akaziba mdomo kwa mkono. Mwalimu alikuwa anatazama nyuso zetu, moja baada ya nyingine.

"Imelia?"

Tukatikisa vichwa kwamba ndiyo. Mutalemwa alitikisa hadi mabega. Mzee akakunja uso. Alituongoza miaka mingi, anajua wanakwaya ni waongo. Akachukua kijiti kingine kutoka kwenye jani, akakiweka mdomoni, akakibana kwa yale meno mawili ya chini na ufizi wa juu, akanipa kijiko. Akafumba macho.

Nilikigonga kijiti taratibu. Sijawahi kuona mtu ametulia namna ile. Mvua ilikuwa inapiga bati na hakuna kati yetu aliyethubutu kupumua, maana kama jino nalo limekufa basi yameisha yote.

Akafumbua macho.

"Imeshuka kidogo," akasema.

Mutalemwa alikaa chini sakafuni. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka, yote mawili pamoja, na Kemilembe alikuwa ameugeukia ukuta. Mzee hakutuona. Kijiti kilikuwa bado mdomoni, na nadhani hapo ndipo mnanaa ulipomfikia, maana uso wake ulibadilika. Akamumunya mara moja. Akaacha. Akamumunya tena, akatutazama kwa lawama ya kweli.

"Kumbe ni tamu," akasema. "Miaka yote hii. Mbona hamkuwahi kuniambia?"

Nilizifikiria zile za senene, na za mkaratusi, na ile ya kifungo, na zile za gundi. Mutalemwa ndiye aliyejikusanya pale chini, akapaza sauti ile yake ya besi mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"Tulidhani unajua, waitu Mwalimu."

Akaridhika. Alivuta kikapu cha kahawa, akakitoa kile kifaa cha kusikia akakiweka pembeni, akapanga peremende ndani, moja moja, mistari ikitazama upande mmoja. Halafu, shavu moja limevimba, mwenyeji aliyekwisha kuonja mbele ya wageni wake, akatusogezea.

"Kuleni," akasema. "Mwakani tutaipandisha."